Uongo Njoo, Lakini Uitwe Kwanza

Kuna ugomvi wa siku nyingi kati ya watu wanaocheza michezo ya uhusika mezani, na nimeukuta hata hapa Gairo, ambako wachezaji wenyewe hatuzidi saba. Upande mmoja unasema mchezo ni kanuni: dadu ikisema, imesema. Upande wa pili unasema mchezo ni hadithi, na kanuni ni jukwaa tu la mbao. Ubao ukianza kumwangusha mwigizaji, ung'oe. Nadhani wapenzi wa fasihi wengi mnaosoma hapa mtakwenda upande wa pili kabla sijamaliza aya hii. Mimi nami ni mtu wa hadithi. Lakini leo nataka kuitetea dadu, tena kwa sababu za kihadithi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ni hivi. Watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja ni mtambaji: yeye ndiye dunia, mvua, maadui, mama mwenye nyumba ya wageni. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, ambaye uwezo wake umeandikwa kwa namba kwenye karatasi, yaani nguvu, wepesi, ujanja na kadhalika. Mtambaji anasema, "Mmefika mtoni, maji yamejaa." Mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini. Jambo likiwa halina uhakika, dadu inarushwa na namba inaamua. Mwisho haujulikani. Mtambaji mwenyewe haujui, au hapaswi kuujua.

Mchezo ulioanzisha aina hii, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Waliouunda, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa watu wa vita vya mezani, wale wa kusogeza askari wadogo na kupima umbali kwa rula, na ndiyo maana mifupa ya mchezo ni ya namba. (Mwaka huohuo 1974 Kezilahabi alitoa *Kichomi*, na sisi tukaanza kugombana kuhusu vina na mizani, miaka 20 baada ya Amri Abedi kutuandikia sheria za kutunga mashairi. Sisemi kuna uhusiano. Nasema tu kwamba huo ulikuwa mwaka mgumu kwa wapenda kanuni.) Kufikia 1991 ukaja mchezo wa *Vampire: The Masquerade*, ambao mwongozaji wake anaitwa waziwazi msimulizi, na tangu hapo watu wa hadithi wana bendera yao.

Sisi wa Gairo tulianza na kanuni za msingi ambazo mtu anaweza kuzipakua bure kwenye intaneti. Mazimwi na ngome za mawe za Ulaya vilituchosha mapema. Kila mtu alikuwa anaigiza filamu aliyoiona, basi. Tukauhamisha mchezo, tukauweka kwenye njia ya misafara ya miaka ya 1870, kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, njia iliyokatiza milima hii ya Ukaguru kabla ya kushuka Mpwapwa na kuingia Ugogo. Hapo ndipo meza ilipochangamka. Wahusika wetu ni wapagazi, mpishi, mganga, mkalimani. Adui ni ndui, ni hongo ya watemi wa Ugogo, ni kiu ya Marenga Mkali. Kila mmoja ana babu au bibi aliyemsimulia kitu, na kila mmoja ana la kubisha.

Dadu ya pande ishirini huipati dukani Gairo. Ya ludo ipo, lakini ina pande sita. Kwa hiyo tulichukua vifuniko ishirini vya soda, tukaviandika namba kwa rangi ya kucha, tukavitia kwenye mfuko wa kitambaa. Unaingiza mkono, unachomoa kimoja, unasoma, unarudisha.

Nianze na mtu wa kanuni, maana huwa anasemwa vibaya. Wetu ni kijana wa bodaboda. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, na frasila moja ni ratili thelathini na tano, na kwa hiyo mtu mwenye pembe ya ndovu begani hawezi kukimbia kama tulivyokuwa tunakimbia. Alitusimamisha nusu saa nzima kwa jambo hilo. Tulikuwa tunafukuzwa, jamani, watu wenye bunduki wako nyuma, na yeye anapiga hesabu za ratili! Nilitamani kumnyang'anya kalamu. Lakini hesabu ilipokwisha, ikabidi tuulizane swali ambalo hakuna mtambaji aliyelipanga: nani atupe pembe? Maana anayetupa pembe atalipwa nini Ujiji? Mganga alitupa yake. Mpishi alikataa, akabaki nyuma, akakamatwa, na tulitumia wiki tatu za mchezo kumkomboa. Hadithi nzima ya mpishi, ambayo mpaka leo tunaitaja, ilizaliwa kwenye kanuni ya uzito.

Watu wa hadithi hawapendi kukubali jambo hili. Wanaiona kanuni kama askari wa trafiki anayeisimamisha hadithi njiani, wakati mara nyingi ndiyo inayoleta kizuizi ambacho mhusika anagongana nacho mpaka tunaona ameumbwa kwa nini. Kaa barazani kwenye bao ukaone. Mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, kanuni ngumu kiasi kwamba mtoto huanzishwa na bao la kujifunza kabla ya kuruhusiwa bao la Kiswahili. Huwezi kupata kitu cha kanuni zaidi ya hicho. Na bado wazee wanasimulia mchezo wa miaka kumi iliyopita, nani alikuwa hoi, nyumba yake imeliwa, akageuza mambo kwa mtaji mmoja. Wanasimulia kwa sababu kete zilikuwa wazi, kila aliyekaa pale angeweza kuzihesabu. Hebu sikia baadaye kwamba kuna mtu alimwachia makusudi kwa kumhurumia: hadithi ile inakufa papo hapo, na anayeumia zaidi ni yule aliyehurumiwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mtambaji wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, tunamwita Ticha. Ni mtambaji hodari kuliko wote niliowahi kukaa nao, ana sauti, ana subira, akinyamaza watu wanaacha kutafuna karanga. Na tuna dada mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa na mpagazi wake tangu Bagamoyo. Miezi mitano alikuwa naye. Siku moja msafara ulifika Mkondoa, mto umefurika, watekaji wanakuja nyuma. Kamba ilifungwa ng'ambo kwa ng'ambo. Fundi akasema mpagazi wake atabaki upande wa huku, aishike kamba mpaka wa mwisho avuke, halafu aikate ili watekaji wasiitumie. Ticha akatangaza mbele ya wote: kumi na tano kwenda juu, anaishi, chini ya hapo, mto unamchukua.

Akaingiza mkono mfukoni, akakisoma kifuniko nyuma ya daftari lake, kama alivyozoea kwa mambo ya mto na mvua, akakirudisha. "Kumi na saba!" Meza ikalipuka kwa shangwe.

Kifuniko cha kumi na saba kilikuwa mkononi mwa fundi. Alikuwa amekichomoa yeye mwenyewe dakika chache kabla, alipofunga kamba, na kwa presha ya mambo hakukirudisha.

Usiku ule hakusema kitu. Alikitumbukiza mfukoni kimyakimya, akaaga. Wiki iliyofuata, tulipokaa, alisema kwa upole kabisa: "Ticha, yule mpagazi wangu alishakufa. Huyu unayemwongoza sasa mimi simjui."

Ticha hakukana. Alisema alimwona jinsi anavyompenda mhusika wake. Alisema watu wanakuja pale jioni baada ya kazi, hii ni burudani, si mahakama. Alisema hadithi ilikuwa inamhitaji mpagazi huyo mbele ya safari. Na alisema jambo la mwisho ambalo ndilo zito: kwamba bibi yake mwenyewe, akiona mtoto ameanza kulia, alikuwa anageuza hadithi, sungura anaponea, na hakuna mtu aliyewahi kumwita bibi mwongo.

Fundi alimjibu: "Kubaki pale niliamua mimi. Sasa wewe umeamua kwamba sikuamua."

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu, na kila nikilirudia naona limegusa palepale. Ujasiri wa mpagazi yule ulitokana na nini? Ulitokana na kwamba angeweza kufa. Fundi aliweka mezani kitu anachokipenda, akijua kinaweza kwenda. Kama mtambaji alikuwa hatakubali kiende, basi hakuweka kitu. Alidhani anavuka mto kumbe yuko kwenye beseni. Na ubaya hauishii kwenye usiku ule, unarudi nyuma: je, yule mpishi tuliyemkomboa, tulimkomboa kweli? Ile siku mkalimani aliyowashinda watu wa hongo kwa maneno, alishinda? Uongo mmoja wa huruma umetia shaka miezi mitano ya ushindi wetu wote. Kila furaha ya nyuma sasa ina mkono wa Ticha ndani yake, au huenda inao, na hatuna namna ya kujua.

Lakini hoja ya bibi bado ipo, na siwezi kuiruka, maana mimi pia nililelewa na bibi wa namna hiyo.

Fikiria hadithi zetu zinavyoanza. Mtambaji anaita, hadhira inaitika, na katika kuitika tunasema hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Tumelizoea tangu utotoni kiasi kwamba hatusikii tena tunachosema. Tunaita uongo, kwa jina lake, kabla haujaingia. Ni kama mtu anayefungua mlango na kumkaribisha mgeni anayemjua. Baada ya hapo bibi anaweza kumwokoa sungura au kumuua, anaweza kumpa fisi harusi, ni ruhusa yake. Hajamdanganya mtu yeyote, kwa sababu wote tulikwisha kubaliana kwamba usiku ule sungura ni wa bibi.

Ruhusa hiyo ina nguvu kubwa kuliko tunavyodhani. T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wake kwa Wakaguru, alichapisha mwaka 1961 makala kuhusu ngano ya Fisi na Sungura, akiisoma kama picha ya mivutano ndani ya ukoo wa upande wa mama. Kwa Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno kubwa. Yale ambayo mpwa hawezi kumwambia mjomba wake mchana, usiku yanaweza kusemwa na sungura. Mjomba mwenyewe yuko pale, anacheka. Hiyo haiwezekani isipokuwa kila mtu ameitika kwanza.

Mezani kwetu hatukuitika hivyo. Tuliitikia mfuko. Ticha alisema kumi na tano kwenda juu, nasi tukasema sawa, na tangu dakika ile mpagazi hakuwa tena wa Ticha kama sungura alivyokuwa wa bibi. Kosa lake, kama ninavyoliona, halikuwa kuchagua hadithi dhidi ya kanuni. Angeweza kusema toka mwanzo, "Huyu atavuka, siulizi mfuko," na hakuna ambaye angelalamika. Labda kijana wa bodaboda, basi. Alichofanya ni kuuita mfuko, kutufanya sote tushike pumzi tukiusubiri, halafu kusema kwa niaba ya mfuko jambo ambalo mfuko haukulisema.

Kuna mchezo mwingine wa kwetu unaoonyesha hili vizuri kuliko dadu, nao ni kitendawili. Hauna namba hata moja, umejaa hadithi, lakini jaribu kuvunja kanuni zake uone. Kitendawili! Tega! Nategea, mnashindwa, nasema nipeni mji. Mnanipa Kilosa. Kilosa siitaki, nipeni mji mkubwa. Mnanipa Dar es Salaam. Nakwenda, nafika, napokewa kwa pilau, naeleza mpaka mnameza mate, ndipo natoa jibu. Safari yote hiyo ni uongo mtupu na hakuna anayejali. Lakini jibu lenyewe likiwa la kugeuzageuza, mtoto ametaja jibu sahihi na mimi nimelibadilisha ili nipewe mji, nitafukuzwa uwanjani. Watoto wa miaka saba wanaijua tofauti kati ya uongo wa pilau na uongo wa jibu. Hakuna aliyewafundisha darasani.

Najua nitaambiwa kwamba naabudu kanuni. Hapana, na historia ya michezo hii inanisaidia. Mababu wa vita vya mezani ni maofisa wa jeshi la Prusia. Mwaka 1824 Luteni Reisswitz aliwapa mchezo wa kujifunzia vita, wenye ramani, dadu na majedwali ya kukokotoa nani ameumia kiasi gani. Uligeuka kuwa mzigo, watu wanatafuta jedwali badala ya kufikiri. Mwaka 1876 ofisa mwingine, Verdy du Vernois, alipendekeza majedwali na dadu viwekwe kando, mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue mwenyewe kwa akili yake. Kwa lugha yetu, aliuondoa mfuko wa vifuniko. Na sioni tatizo lolote hapo, kwa sababu kila aliyekaa kwenye meza ile alijua kwamba anayeamua ni mtu. Ukishindwa, umeshindwa kwa hukumu ya fulani, unaweza hata kubishana naye kesho yake. Nani atabishana na kifuniko ambacho hakikutoka?

Kwa hiyo mstari haupiti kati ya namba na masimulizi. Mtu anaweza kucheza mchezo wa namba kwa uaminifu na wa masimulizi kwa uaminifu. Johan Huizinga, katika *Homo Ludens* ya 1938, aliona kwamba jamii humvumilia zaidi mdanganyifu kuliko mharibifu wa mchezo, maana mdanganyifu angalau bado anajifanya anaheshimu mchezo, wakati mharibifu anaubomoa wote. Nakubali kuhusu karata. Kwa mtambaji sina hakika kama hesabu ni ileile. Anayeiba karata anajipendelea mwenyewe, na tukimkamata tunajua amechukua nini. Mtambaji anayetudanganya kwa faida yetu hatuachii hata kitu cha kudai.

Gygax mwenyewe yuko upande wa Ticha, lazima niseme. Kwenye kitabu chake cha 1979 cha kuwaongoza watambaji anawapa ruhusa ya kupuuza dadu pale inapoleta matokeo mabaya kwa mchezo, na mamia ya watambaji wazuri wameishi kwa ruhusa hiyo. Huruma si kitu kidogo. Ukicheza na mtoto wa miaka tisa ambaye juzi tu amefiwa, na kifuniko kikasema mbwa wake wa kwenye hadithi afe, mimi sijui kama mkono wangu ungesoma namba iliyopo. Nadhani usingesoma. Lakini pale ningejua kwamba nimeacha kucheza naye, nimeanza kumlea. Fundi alikasirika kwa sababu hiyohiyo: hakuja mezani kulelewa.

Ticha alitoa pendekezo ambalo bado hatujalimaliza. Alisema, basi tukubaliane wote, leo, kwamba mtambaji anaweza kudanganya akiona inafaa. Tuitikie. Uongo njoo. Hapo atakuwa kama mfanya mazingaombwe: unajua anakudanganya, umelipa kiingilio kwa sababu hiyo. Kwa hoja yangu mwenyewe pendekezo hilo ni halali kabisa, na nilisema hivyo. Watatu waliitikia. Fundi alisema ni sawa, wenye kutaka wacheze, ila yeye kwenye meza hiyo hatabaki kushika kamba ya mtu, kwa kuwa haitakuwa na maana yoyote. Atavuka wa kwanza.

Kwa sasa vifuniko vinachomolewa katikati ya meza, na anayechomoa ni yule ambaye mhusika wake yuko hatarini. Ticha alijitolea turudie mto, mfuko wazi, fundi achomoe mwenyewe, huenda kumi na tano ikatoka kweli. Alikataa. Alisema maiti harushiwi dadu. Mpagazi tumemwandika kuwa amekufa Mkondoa, na dada anacheza na mhusika mpya, mke wa mpagazi huyo, ambaye hakuwepo kwenye msafara na bado hajaambiwa. Pembe aliyokuwa ameibeba marehemu ilikwisha kuvushwa na wenzake, frasila mbili kamili, na sasa tuko chini ya Mpwapwa hatuna mtu wa kuibeba. Kijana wa bodaboda ametoa kalamu.